Divai Aliyoionja Mama Kule Tororo

Wazo la kwenda Tororo lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu wadogo zangu, tukikaa kumkumbuka Mama, husema "ile safari mliyokwenda", kana kwamba tuliketi wawili tukapanga. Mama hakupanga lolote. Nilimwambia Jumatano kwamba Jumamosi tungevuka mpaka, tungekula chakula kizuri, tungelala hotelini, na Jumapili tungerudi. Akaniuliza nani amekufa huko.

Kwake mtu halali ugenini ila kuna msiba, mgonjwa au harusi. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni kupumzika tu. Akasema kama ni kupumzika, hata nyumbani kuna kitanda. Lakini alikubali. Mimi ndiye mwalimu wa nyumba ile, na nilikuwa nimeshazoea kukubaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nikifundisha shule ya msingi upande wa Kenya wa Busia, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu. Bendera yetu mpya haikuwa hata na miaka miwili. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwenda Tororo na walimu wenzangu kusindikiza kwaya ya watoto, na jioni tukapita mbele ya hoteli iliyotazamana na ule mwamba mkubwa wa mji. Dirishani nilimwona mwanamke wa Kizungu ameketi mbele ya meza yenye kitambaa cheupe, mkononi ana glasi ya mguu mrefu yenye kitu chekundu. Alikuwa akimsikiliza mwenzake, na hakuwa na haraka. Sikumwonea wivu kwa alichokula. Nilimwonea wivu kwa kule kutokuwa na haraka. Mama yangu sikuwahi kumwona akila ameketi namna ile. Alikula mwisho, jikoni, sahani pajani, sikio likisikiliza nani anamwita. Usiku ule niliapa kwamba nitamkalisha Mama kwenye kiti kile, sasa kwa kuwa mlango wa mbele umefunguliwa kwetu pia.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Kulikuwa na nyingine, na inabidi niieleze hapa, maana bila hiyo yaliyotokea mezani hayataeleweka.

Baba alikufa nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa Mkristo wa kanisa kweli, aliyebatizwa na kuwekewa mikono, na kila mchungaji alipofika kwetu, mara moja katika miezi mitatu hivi, alipanda kwenye Meza ya Bwana kupokea mkate na kikombe pamoja na wengine. Tulipomaliza matanga, wazee wa ukoo wakamrithisha kwa kaka yake Baba, mtu mzima mwenye mke na watoto wake. Ndiyo ilikuwa desturi. Mama angeweza kukataa. Angerudi kwao mikono mitupu, watoto na shamba vikabaki kwa ukoo, na mimi, msichana, shule ingekuwa imeishia hapo. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba nisiondolewe shule. Baba mkubwa akalitimiza, sina budi kumshukuru kwa hilo.

Kanisa nalo lilikuwa na sheria yake. Mke wa pili hapandi Mezani. Mwalimu wa kanisa, yule aliyetuongoza Jumapili ambazo mchungaji hakuwapo, alisoma jina la Mama mbele ya watu pamoja na majina ya walevi wawili. Ushirika uliofuata, watu waliposimama kwenda mbele, Mama alibaki ameketi kwenye benchi la nyuma. Nilidhani miguu inamuuma. Nikamwambia nitamshika mkono ili apande, akaniambia nikae. Alibaki kwenye benchi lile miaka kumi na minane, na hakukosa Jumapili hata moja.

Halafu Baba mkubwa akafariki. Eda ilipokwisha, mwalimu wa kanisa akaja nyumbani akamwambia kwamba sasa anaweza kurudishwa. Ahudhurie mafundisho miezi mitatu, asiguse kileo cha aina yoyote, kisha mchungaji akija atasimama mbele ya watu, ataulizwa maswali, na kikombe atapewa. Mama alitimiza zaidi ya alivyoambiwa. Majirani walipopika busaa ya kulimia hakukubali hata kuwashikia chujio. Alishona gauni jeupe. Kila nilipokwenda nyumbani nilimkuta akiyarudia majibu ya maswali kwa sauti ndogo huku akipembua wimbi, naye alikuwa akiyajua tangu kabla sijazaliwa. Siku yenyewe ilipangwa iwe Jumapili, wiki moja baada ya safari yetu.

Kwa hiyo nilijiambia kwamba safari ni ya kusherehekea jambo lake. Mimi mwenyewe nilikwisha kuacha kupanda Mezani tangu chuoni, kwa uvivu na kwa kiburi, na Mama hakuwahi kuniuliza.

Tulivuka Jumamosi asubuhi. Askari wa kizuizi cha mpakani alituuliza tunakwenda wapi, Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba anapelekwa na mtoto wake kula. Askari akacheka, akasema na yeye anatafuta mtoto wa namna hiyo. Tukapanda basi. Njia nzima, kupita Buteba na mashamba ya mihogo na mtama, Mama alikuwa akiyakagua mashamba ya watu, huyu kapalilia vizuri, huyu kachelewa, huyu bila shaka ni mgonjwa. Kikapu chake alikishika pajani. Ndani yake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa amefunga ndizi na mihogo ya kuchemsha, endapo chakula cha hoteli kisingetosha.

Tororo tulifika kabla ya saa sita, na kwa kuwa chumba hakikuwa tayari tulikwenda sokoni. Huko mama mmoja wa Kijopadhola alikuwa akipikia watu chini ya kipaa cha mabati. Alitupa ugali wa wimbi na muhogo, mweusi, mzito, wa moto, na majani ya kunde yaliyopikwa kwa siagi ya simsim, na kipande cha samaki wa moshi. Mama alinawa, akamega, akachovya, akatafuna huku ametazama pembeni. Kisha akaanza kumhoji mpishi.

"Hii mboga naweka magadi?"

"Hapana, mama. Naweka munyu ya majivu. Wewe natoka wapi?"

"Natoka Samia. Sisi pia naweka hiyo, lakini yako iko laini."

"Nachuja mara mbili. Mara moja nakuwa chungu."

Wakaendelea hivyo, wanawake wawili wasio na lugha moja ila hicho Kiswahili cha mpakani, wakifundishana chumvi. Mpishi akamwongezea mboga bila kuombwa. Mama alikula akamaliza, akalamba vidole, akasema chakula hiki kimepikwa na mtu. Kwake hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Mimi nilikuwa nikiangalia saa. Niliona aibu kidogo, nimemleta mpaka ng'ambo halafu tunakula ugali sokoni. Ningekuwa na akili, tungeimalizia starehe yetu pale pale.

Hotelini alioga maji ya moto yanayotoka ukutani, akatoka amependeza, ananukia sabuni. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akakibonyeza kwa viganja, akaniuliza nani alikilalia jana. Nikasema sijui. Akasema basi amwombee, mtu huyo popote alipo. Alasiri tulikaa barazani tukiutazama mwamba, na nilimwona Mama, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, amekaa saa nzima bila kitu mkononi. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, na furaha hiyo ndiyo iliyoniharibu, maana nilitaka iongezeke.

Saa moja jioni tuliingia kula. Meza ilikuwa kama nilivyoiona dirishani, kitambaa cheupe, vitambaa vidogo vilivyokunjwa pembe tatu, visu viwili kwa kila mtu. Meza ya jirani walikaa Mzungu na mkewe, mwanamume amekunja mikono ya shati. Kwenye meza ya mbele yao walikaa Waafrika wawili wenye tai, wakizungumza mambo ya ofisi. Mhudumu wetu alikuwa mtu wa makamo mwenye kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni.

"Mama nakula nini leo? Kuku iko, nyama ya ng'ombe iko na viazi."

Nikasema kuku, sahani mbili. Mama akanitazama. Wanawake wa rika lake kwetu hawakula kuku. Walimfuga, walimchinjisha, walimpika, wakawapakulia wanaume na kuishia kulamba mchuzi uliowamwagikia mkononi. Mimi nilikuwa nikila tangu chuoni, na nilijua kwamba hajawahi, na nilitaka aanze siku hiyo.

"Mimi ataniletea nyama," alisema. Tulizungumza Kisamia, sisi wawili, na maneno yake hapa nayaweka katika Kiswahili nikijitahidi yasipoteze upole wake.

"Mama, hakuna anayekujua hapa."

"Mimi nipo."

"Ni kuku tu. Hakuna atakayekufa."

"Najua ni kuku. Mle wewe, mwanangu. Mimi niletewe nyama."

Mimi hasira zangu ziko karibu, nilizaliwa nazo. Niliona kama amenikatalia safari nzima. Na nikiwa katika hasira hiyo nilimgeukia mhudumu nikamwambia kwa Kiingereza, ili Mama asielewe, alete chupa ndogo ya divai nyekundu na glasi mbili. Nilijua alichoambiwa kuhusu kileo. Nilijua zimebaki siku nane tu. Nilitaka meza ikamilike kama ile ya dirishani, nikaona kwamba glasi moja, katika nchi nyingine, mbele ya watu asiowajua, haiwezi kumdhuru mtu.

Mhudumu akamimina. Chupa iliisha katika glasi zetu mbili.

"Hiki ni nini?" Mama aliuliza.

"Maji ya zabibu."

"Zabibu za kwenye Biblia?"

"Hizo hizo. Wanakamua tu, kama machungwa."

Aliamini. Kwa nini asiamini? Tangu nianze kusoma, ni mimi niliyemsomea barua, na risiti, na maandishi ya kwenye chupa za dawa. Aliinua glasi kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akanywa funda moja.

Hakumeza mara moja. Alilishika kinywani, akafumba macho, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani amelipenda. Kisha akameza. Aliiweka glasi mezani polepole mno, kisha mikono yake akaiweka chini ya meza.

"Hiki ni kikombe," alisema.

"Kikombe gani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Nilikinywa mara ya mwisho baba yako akiwa hai. Ladha yake nimekaa nayo miaka yote hii. Hiki ni kikombe cha Bwana."

Kwetu hapakuwa na mvinyo. Palikuwa na busaa, palikuwa na pombe ya kunywa kwa mrija kwenye chungu, palikuwa na chang'aa ya kificho. Kitu hiki chekundu mtu wa kijijini kwetu alikutana nacho mahali pamoja tu duniani, amepiga magoti, na kama amezuiwa hakutani nacho kabisa. Nilikuwa nimesoma mpaka chuo cha ualimu na hilo halikunipitia akilini. Nilidhani kosa langu ni la kileo.

Nikaanza kueleza. Nikasema ni kinywaji tu, Wazungu hunywa na nyama, hakina maombi ndani yake. Mama hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akitazama meza ya jirani, ambako mke wa yule Mzungu alikunywa huku akicheka, akajipangusa mdomo, akanywa tena. Akawatazama wale wa tai. Nao walikuwa na chupa.

"Hawa wameruhusiwa na nani?" aliuliza.

Akamwita mhudumu mwenyewe, kwa ishara ya kidole, na akamsemesha kwa heshima kama anayemsemesha mzee wa kanisa.

"Baba, hii natoka wapi?"

"Divai, mama? Natoka Ulaya. Nakuja na meli, halafu treni mpaka hapa Tororo. Iko mingi, kwa stoo."

"Kila mtu nakunywa?"

"Kila mtu mwenye anataka, mama."

"Hata mtu mwenye hawajamwekea mikono?"

Mhudumu alinitazama mimi, akitafuta msaada. Kisha akasema taratibu kwamba yeye hajui mambo hayo, yeye naleta tu. Mama akamshukuru.

Nyama yake ilikuja, na viazi, na kuku wangu. Hakuna aliyekula. Baadaye kidogo Mama alichukua kile kitambaa kidogo cheupe kilichokunjwa, akakikunjua, akakitandaza juu ya glasi yake kwa vidole vya mikono yote miwili, akiziweka sawa pembe zake nne. Hivyo ndivyo mchungaji wetu alivyokifunika kikombe wakati watu wanarudi kwenye mabenchi. Mhudumu alikuja kuiondoa, Mama akaweka kiganja juu yake.

"Iliyobaki wanaipeleka wapi?" aliniuliza.

"Wanamwaga."

"Haimwagwi. Malizia."

"Mama, nimekwisha kunywa yangu."

"Mimi siwezi kuinywa, sijarudishwa. Wewe hujawahi kuzuiwa. Malizia."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Nilikifunua kile kitambaa nikainywa divai ya Mama yote, na ilikuwa kali, na mwanamke wa meza ya jirani alikuwa akitutazama. Nilipoiweka glasi, Mama alichukua jagi, akatia maji kidogo ndani yake, akazungusha mpaka wekundu ukatoka kwenye ukingo, akanipa tena. Mchungaji ndivyo alivyofanya kila alipomaliza, ili lisibaki tone la kuoshwa na vyombo vingine. Nikayanywa na maji yale. Kisha Mama akaifuta glasi ndani kwa kitambaa, akakikunja, akamwuliza mhudumu kama anaweza kukinunua. Mhudumu akasema achukue tu. Nadhani alitaka tuondoke.

Asubuhi kengele za kanisa zililia mahali fulani mjini. Nilimuuliza Mama kama angependa tuende, nikiona labda itamtuliza. Akasema leo hana la kumwambia Mungu. Alikunywa chai, akala kipande cha mkate mkavu, na ndizi zake za kwenye kikapu akampelekea yule mpishi wa sokoni tulipopita kwenda kituo cha basi.

Kwenye basi niliomba msamaha. Niliuomba vibaya, kama wanavyouomba watu wenye kiburi, nikieleza zaidi ya kutubu. Nikasema sikujua ingemuumiza hivyo. Nikasema kwamba hata mchungaji mwenyewe angemwambia si kitu.

"Umenidanganya, nimekusamehe," alisema. "Watoto hudanganya. Si hilo linalonikaa moyoni."

"Ni nini basi?"

Aliyatazama mashamba ya watu mpaka tulipoona bendera za mpakani.

"Kumbe inauzwa," alisema.

Nilikuwa nimeketi kando yake na nilihisi kitu kama kofi. Mwanamke huyu aliiacha Meza kwa ajili yangu, ili nibaki na daftari na kalamu. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akiamini kwamba alichonyimwa ni kitu kisichopatikana popote pengine duniani, na kuamini huko ndiko kulikomfanya aweze kukaa. Mimi, kwa kusoma kule kule alikonilipia, nikampeleka mahali ambapo kinaletwa na mtu wa mshipi mwekundu kwa yeyote anayetaka. Nilimnyang'anya. Sina neno jingine, na nimelitafuta miaka mingi.

Jumamosi iliyofuata mchungaji alifika, kijana mwenye sauti nzuri, na Mama akaenda kumwona akamweleza kila kitu. Mimi nilisimama mlangoni. Alisema amekinywa kikombe Tororo kabla ya ruhusa, na kama ni lazima asubiri miezi mingine mitatu atasubiri. Mchungaji alicheka, kwa wema kabisa. Akasema, "Mama, ile ni divai ya dukani tu. Hata hii yetu tunainunua dukani, kule kule kwa Mhindi. Ni maombi yanayoifanya iwe nyingine. Usijisumbue, kesho njoo." Alidhani anamwondolea mzigo. Mama alipiga goti kidogo, akasema asante, baba.

Jumapili alivaa gauni jeupe. Alisimama mbele ya kanisa zima akaulizwa kama anatubu, akajibu majibu yote bila kukosea neno. Watu wakaimba. Wanawake wa rika lake walikuwa wakilia, kwa maana walikuwa wamemwona kwenye benchi lile mpaka nywele zikabadilika. Walipoitwa wa Mezani nilitoka nikaenda kusimama ubavuni, karibu na dirisha, nilitaka nimwone uso.

Alipiga magoti wa nne kutoka mwisho. Akapokea mkate, akaula. Mchungaji akaja na kikombe, akakiinamisha, na mdomo wa Mama ukakigusa. Niliitazama shingo yake. Wengine wote, ukiwatazama, unaona koo linavyopanda na kushuka. La Mama halikusogea. Mchungaji alifuta ukingo, akapita kwa mwingine, na Mama akainuka, akarudi, safari hii akaketi benchi la mbele lililokuwa limewekwa wazi kwa ajili yake.

Nyumbani wageni walikula, wakashangilia, wakaondoka. Alasiri tulikuwa wawili tu uani, tukimenya mihogo. Sikuweza kunyamaza.

"Mama, kikombe hukunywa."

"Uliona."

"Ni kwa sababu yangu?"

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akauosha, akaukata vipande viwili.

"Naogopa nisije nikaonja nikakuta ni ile ile," alisema. "Nikikuta ni ile ile, nitafanya nini?"

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kila mchungaji alipokuja alipanda Mezani kwa gauni lake jeupe, akaula mkate, akakigusa kikombe kwa midomo iliyofungwa. Katika kanisa lote ni mimi tu niliyejua, na nilikuwa nikipanda naye, magoti kwa magoti, nikinywa.